Upande Aliopita Mutheu

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Mbumbuni. Joto la leo ni lile la kabla ya mvua, linalokufanya uchukie hata shati ulilovaa. Niko nyumbani kwa mama tangu juzi, na ningependa kuwa mahali pengine popote.

Baada ya kanisa binti yangu Kavata, mwenye miaka tisa, alichukua baiskeli ya binamu yake akaanza kujifunza uani. Ni baiskeli ya watoto, nyekundu, na miguu yake inafika chini. Sisi hatukuwa na anasa hiyo. Tulijifunzia baiskeli ya baba, ile nyeusi kubwa ya kubebea mitungi ya maji. Mtoto hawezi kukalia kiti chake akafikia pedali, kwa hivyo unapitisha mguu wa kulia ndani ya fremu, chini ya chuma cha juu, na kuendesha ukiwa umening'inia upande wa kushoto, umepinda kama mtu mwenye kichomi. Dadangu mdogo Mutheu alinishinda kuendesha hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, yeye kumi.

Baba alikuwa na sheria moja ya barabarani na alituambia sote wawili: baiskeli ni gari, inakaa kushoto.

Mimi nikajiona najua zaidi. Shuleni tulifundishwa kutembea upande wa kulia ili tuone gari linapokuja. Na ukiwa umening'inia vile, huwezi kugeuza shingo uone kilicho nyuma yako. Magari ya nyuma yalinitisha sana. Basi nikaamua kwamba sheria ya waendao kwa miguu ndiyo bora, nikaendesha kulia mwezi mzima baba asipokuwepo, na hakuna lililonipata.

Jumamosi moja mama alinituma chumvi sokoni. Mutheu akaomba aende yeye, kwa baiskeli. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye lami. Nilikimbia nyuma yake nikishika keria mpaka njia ya vumbi ilipoishia, halafu nikamwambia, "Pita kulia, ndiyo uone gari ikikuja."

Akaniuliza kama baba hakusema kushoto. Nikamjibu kwamba baba anakaa kwenye kiti, hajui shida ya kupita ndani ya fremu. Akaona nina akili.

Akavuka kwenda kulia.

Kwenye kona ya kwanza likatokea lori tupu lililokuwa likienda mtoni kubeba mchanga, likiwa kwenye upande wake. Mutheu aliliona likija, kama nilivyomwahidi. Hakuwa na pa kwenda.

Alifia pale pale. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza.

Baba aliniuliza mara moja tu kwa nini alikuwa upande ule. Nikasema sijui. Siku ya mazishi akasimama mbele ya watu akasema kwamba alimwonya mtoto wake, na mtoto hakusikia. Baba alikufa miaka minne iliyopita akiamini hivyo. Nyumbani kwetu hakuna anayesema kwamba Mutheu alikuwa mcheshi, au kwamba aliweza kupiga mluzi wimbo wowote wa kwaya. Anatajwa tu watoto wanapoonywa.

Leo ilikuwa zamu ya Kavata. Mama alitoka nje, akamshika bega, akamwambia bila ukali wowote, "Usikuwe kama anti yako Mutheu. Huyo aliambiwa akae kushoto, akakataa kusikia."

Kavata akanigeukia. "Ni kweli, baba? Alikataa?"

Nikamwambia ashike usukani twende. Nilimpeleka hadi ukingoni mwa barabara nikamkariria lile neno la kushoto mara nyingi, kwa sauti kali kiasi kwamba akaanza kulia. Hakuwa amekosa chochote. Nimemwomba msamaha, lakini swali lake sijalijibu.

Mimi ni mwoga. Nimetafuta neno jingine na sijalipata.

Huwa najiambia kwamba namhurumia mama, kwamba ana presha, kwamba habari kama hii itamwangusha. Ni uongo. Ninajihurumia mimi. Naogopa atakavyoniangalia, mezani, Krismasi, kila nikija. Na kwa ajili ya woga huo nimemwacha dadangu aitwe mkaidi miaka ishirini na sita, naye hana mdomo wa kujitetea.

Mama hasomi blogu. Ninajua kabisa ndiyo sababu nimeweza kuyaandika haya hapa kwanza.

Nimekuwa nikisema kesho tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Sasa hivi mama yuko jikoni peke yake, anachagua maharagwe, na Kavata amekwenda kwa jirani. Naweka simu chini. Naenda kumwambia kwamba Mutheu alisikia.