Pipa la Mtambo wa Maji, Mbegani

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa katika boma la askari, Bagamoyo, siku ya Alhamisi, mwezi 20 Mfunguo Sita 1307 (14 Novemba 1889), saa tatu asubuhi.

Jina: Mwanahija binti Dadi
Umri: kama miaka arobaini na mitano
Kazi: kukeneka marashi kwa mvuke, na kuyauza
Makazi: Mbegani
Kusoma: chuo cha Kurani, mwaka mmoja

Mimi ni mama yake Mtoro, mliyemfunga juzi kwa kuiba maji. Hakuiba. Nisikilizeni, maana tangu jana nazungushwa tu hapo mlangoni.

Mtoro anatumika kwa Hassanali, kwenye mtambo wake uliotolewa katika meli iliyovunjika. Maji ya bahari yanachemshwa, mvuke unapita kwenye bomba lililozama ndani ya pipa la maji baridi, upande wa pili yanatoka maji matamu ya kuwauzia wenye meli. Kazi ya Mtoro ni kulimwaga pipa likipata moto na kulijaza tena. Kwa siku ilikuwa inapatikana mitungi tisa.

Mnamo mwezi 5 Mfunguo Sita binti yangu Sada alijifungua. Mzazi lazima akandwe maji moto asubuhi na jioni siku arobaini, na kuni zote za Mbegani kazinunua huyo huyo Hassanali. Basi nikamwambia Mtoro, "Hilo pipa usilimwage mpaka nije kuchota." Akasema, "Mama, kazi yangu hiyo." Nikamwambia, "Na Sada si dada yako?" Akaliacha pipa.

Kesho yake ikapatikana mitungi sita. Keshokutwa minne.

Mwezi 9 akaitwa fundi Mwinyimvua. Akasema chumvi imeganda ndani ya birika la kuchemshia. Moto ukazimwa, wakakwangua kutwa, likatoka kapu zima. Maji hayakuongezeka. Mwezi 12 akasema bomba linavuja, likafungwa vitambaa na chokaa. Mitungi mitatu. Mwezi 15 akasema kuni mbichi, zikaletwa za mkoko, kavu. Mitatu ile ile. Na siku zote hizo mimi nilikuwepo na ndoo yangu, nachota mbele ya macho yao! Fundi mwenyewe alinipisha, akaniamkia.

"Shikamoo mama. Mzazi hajambo?"

"Marahaba baba, anaendelea."

Hakuna hata mmoja aliyetia kidole kwenye lile pipa. Wanaume wazima.

Mwezi 18, saa nane mchana, Hassanali akasema, "Basi maji yanaibwa." Mtoro akakamatwa, hakusema neno. Namjua mwanangu. Habari za kukandwa dada yake hawezi kuzitaja mbele ya wanaume, hata mkimchuna ngozi.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa nyumbani nakeneka marashi. Maji ya kupozea mvuke yakapata moto, sikuyabadili, akili yangu iko huku kwenu. Mara naona mvuke mtupu unatoka, marashi hakuna. Nikakaa chini. Miaka ishirini nafanya kazi hii! Mvuke usipopata baridi hauwi maji, na pipa la Mtoro ni sawa na chombo changu cha kupozea, ila lake kubwa. Aliyeyapoteza maji ni mimi, kwa kinywa changu, na mwanangu kanitii.

Naambiwa kesho baada ya sala ya Ijumaa anachapwa viboko ishirini na tano. Kwanza limwageni pipa, mtie maji baridi, muhesabu mitungi. Nikiwa mwongo, viboko hivyo ni vyangu.

Nimesema yote niliyonayo, na Mungu ananisikia.

Alama ya mkono wake: X

Maandishi ya karani: Nimemsomea, amekubali. Saa sita mchana pipa limemwagwa na kujazwa maji baridi mbele yangu, na maji yakabadilishwa kila yalipopata moto. Hadi saa kumi na moja imepatikana mitungi mitano, ambapo kutwa nzima ilikuwa ikipatikana mitatu. Hassanali ameondoa mashtaka. Mtoro ametolewa saa kumi na mbili. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamuuliza amekula nini, kisha akamgombeza kwa kunyamaza kwake mpaka nje ya lango.

Mwinjuma bin Hija, karani wa boma