Sura ya Peponi na Mkasi Wako

Zaituni,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza niliifungua na "Marehemu mpendwa", nikaichana, maana najua ungecheka useme naandika kama katibu wa kamati ya mazishi. Ya pili niliiandikia darasani Kidato cha Tatu wakifanya zoezi, msichana mmoja akaniuliza kama macho yananiuma. Hii ya tatu naiandikia jikoni kwangu hapa Kitale, nimesimama. Tangu ufe sijui kukaa. Nikiketi nainuka, nikiinuka nafungua kabati, nikifungua kabati sijui nilikuwa natafuta nini.

Acha kwanza nikushtakie lile kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja. Siku ile karibu kila mtu aliandika "Mungu amlaze pema peponi". Mmoja baada ya mwingine, wengine kwa herufi kubwa, mmoja na maua. Nilitaka kuwauliza, peponi gani? Mnajua huyu mtu tumegombana naye tangu shule kuhusu mahali hapo hapo mnapomtuma?

Ilianza na ile insha ya Kidato cha Nne, Bungoma, kuhusu pepo katika hadithi. Mimi nilijaza kurasa sita. Nikasema bustani ya mwanzo, kisiwa kisicho na njaa, mji ulio ng'ambo ya mto, vyote ni kitu kimoja: binadamu anatafuta alichopoteza, na msimulizi mzuri humwacha njiani. Nikasifiwa mbele ya darasa. Wewe uliandika ukurasa mmoja tu. Uliuliza kwa nini wasimulizi wote wakifika mlangoni wanaogopa kuingia. Mwalimu akakuandikia "Haijakamilika". Ulikunja karatasi yako taratibu, ukaniambia, "Basi nitaikamilisha, bana."

Nikaenda kusomea ualimu, nikapata kazi huku Kitale. Wewe ukarithi cherehani ya shangazi yako pale karibu na msikiti, na kwenye droo, chini ya vifungo na chaki, ukaweka madaftari. Mteja akichelewa, unaandika. Kila likizo nilikuja Bungoma, nikakaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo, nikasoma na kalamu nyekundu mkononi. Mungu wangu, ile kalamu.

Na ulivyokuwa mwizi! Nilikusimulia jinsi babu yangu alivyohama Bungoma kuja Kitale na mlango wa nyumba yake juu ya mkokoteni, kwa sababu udongo upo kila mahali lakini mlango mzuri haupatikani. Enzi zile watu wa kwetu wakitaja Kitale, waliitaja kama wanaotaja peponi. Ukalichukua hilo ukaliandikia riwaya nzima: kijiji kinasikia kuna nchi nyuma ya mlima ambako mahindi hayaozi, kila familia inang'oa mlango wake, inaubeba kichwani, inaondoka. Na mimi ukaniweka humo humo. Ni yule mwanamke anayechelewa kila msafara unapoanza, kwa sababu lazima arudi kuangalia kama amezima moto. Nilipolalamika ulisema, "Si ndiyo wewe? Na mwalimu mzima wa Kiswahili bado unasema mrango."

Kisha ukaandika sura ya mwisho, ukawaingiza. Wamefika. Wanachemsha kunde, wanabishana nani aoshe sufuria. Nikakwambia ukiwafikisha umeiua hadithi, na tena peponi hakuoshwi sufuria. Ukauliza, "Sasa zinaoshwa na nani? Ama peponi kwenu kuna mjakazi?" Nilicheka, lakini kalamu haikucheka. Nilipiga mstari mwekundu kurasa zote, juu hadi chini, nikaandika "Ondoa". Ukasema, "Sawa, mwalimu." Zai, hukuwahi kuniita mwalimu ila nimekuumiza. Nililisikia neno hilo, nikapanda gari nikarudi Kitale.

Pumu ikakuchukua Jumatano asubuhi. Kaka yako alinipigia nikiwa na chaki mkononi, nikalia mbele ya watoto wa watu. Kisha nikafanya kama tunavyofanya sisi. Nikaomba ruhusa ya wiki ijayo. Nikauliza kwaya ya kanisa kama itaweza kuja. Nikaandika wasifu wako, kurasa nne, nimezisafisha mpaka zikang'aa. Alhamisi nikampigia kaka yako nimuulize uko mochari gani. Akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa, "Mochari? Tulishamzika, dada. Jana, baada ya alasiri."

Miaka yote hiyo nimekula pilau ya Idi kwenu. Nimelala kwenu. Mwadhini nimemzoea kuliko kengele ya shule. Na sikujua kwamba ninyi hamngoji. Hapana, nilijua, ila sikufikiri kwamba inakuhusu wewe. Ijumaa nilifika mlangoni kwenu nimevaa nyeusi, kurasa nne mkononi, hakuna wa kumsomea. Mama yako alinishika mkono akaniambia hata wao wanawake hawakwenda makaburini, nisijitese. Nimejitesa. Nimekasirika pia, nakuambia wazi: nimekasirika kwamba uliondoka kwa haraka hivyo, wewe uliyenijua.

Mama alinipa madaftari yote. Nililifungua la mwisho pale pale. Sura ya peponi haimo. Umeichana yote, yamebaki meno ya karatasi kwenye uzi wa daftari. Nilimuuliza kama uliichoma. Akasema, "Zaituni achome karatasi? Karatasi kwake ni kazi." Zaidi ya hapo hakujua. Nikarudi nalo hivyo hivyo Kitale, na ndipo nilipoacha kukaa. Nafundisha nikizunguka darasa. Kila nikifikia kipindi cha Fasihi nasikia sauti yangu ikisema hadithi njema humwacha mtu njiani, na natamani kuiziba.

Juzi Jumamosi, Rehema alinipigia. Mpwa wako huyo ndiye ameichukua cherehani, na kibao chako bado kinaning'inia mlangoni, hataki kibadilishwe. Aliniambia kuna gauni la kijani ulilonikatia bila kunieleza, halijashonwa, nije anipime. Nilipofika alikuwa amelitandaza mezani, kitambaa bado kimebanwa kwa pini juu ya karatasi ulizokatia vipimo. Nikaona mstari mwekundu.

Ulizigandisha kwa uji wa unga, ukurasa kwa ukurasa, ukakata mwili wangu ndani yake. Mgongo, kifua, mikono miwili, kola. Rehema alidhani ni gauni ninalolililia.

Nimesoma nimepiga magoti sakafuni. Kwenye mgongo wanafika, wanasimamisha milango kabla hata ya kuta. Kwenye kifua kunde zinaungua na mtu analaumiwa. Mkono wa kushoto ni sufuria, Zai, ukurasa mzima wa sufuria, watu wanaosha wakiimba na kusengenyana, na sijawahi kusoma kitu kilichonifanya nitake kuwa mahali kama pale. Nilikosea. Nimefundisha watoto makosa, na wewe nilikuandikia makosa kwa wino mwekundu.

Na mkono wa kulia. Milango yote imepachikwa isipokuwa mmoja, wa yule mwanamke. Mtu anauliza yuko wapi, wanamwambia, bado anaangalia moto. Hawamcheki. Wanauegemeza mlango wake ukutani, na kila jioni mmoja wao anatoka kwenda njiani. Anakwenda kufanya nini, sijui. Hapo ndipo kwapa langu lilipo, na mkasi ulipita. Vipande vilivyoanguka vilifagiliwa zamani.

Rehema alinipa kalamu nijazie. Najua kufanya hivyo, ndiyo kazi yangu. Nimeirudisha mezani.

Nimeleta karatasi zote Kitale, na gauni, Rehema alilishona siku ile ile, nimelivaa sasa hivi, limenikaa sawasawa hata kwapani. Naanza kunakili leo, neno kwa neno. Mkasi ulipopita nitaacha wazi, na atakayetaka kuchapisha achapishe na nafasi zake. Wanafunzi wangu nitawasomea mkono wa kushoto.

Kwaheri, Zai wangu. Mlango wangu uache hapo ukutani. Idi ikija nitakuwa kwenu Bungoma kabla pilau haijaiva, mikono ya gauni nimeikunja, nioshe sufuria za Mama yako zote. Moto huku Kitale sitarudi kuuangalia.

Nekesa