Sare za Wafagiaji

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Ilala tu wazima, na mama yako mdogo amejifungua salama.

Unaniuliza: zabuni ya mashuka ya kituo cha afya umepata, sampuli wameikubali, sasa ukipeleka mashuka mepesi kidogo, nani atajua?

Nilipokuwa fundi cherehani kijana, nilipata zabuni ya kushona sare za wafagiaji wa jiji. Sampuli niliishona kwa kitambaa kizito. Siku ya kununua majora, mwenye duka Kariakoo akanitolea chepesi.

"Vinafanana, dada. Wakaguzi watahesabu tu, hawatavaa."

Nikaanza kushawishika. Nikatoka nje kufikiri, mara nikamwona Mwanaidi, mfagiaji aliyeijaribu sampuli yangu. Ameinama anafagia, sare yake ya zamani imechanika mgongoni, amejisitiri kwa kanga. Akanitambua.

"Dada fundi! Zetu lini?"

Nikarudi dukani nikachukua kizito. Faida ilikuwa kiduchu, sikufichi.

Lakini Zuhura, mpaka leo nikienda sokoni asubuhi napita barabara ileile wanayofagia wafagiaji. Sijawahi kulazimika kutafuta njia nyingine.

Akupendaye,
Bibi Mwanaheri