Ng'ombe wa Baba Mkwe na Misuli ya Gaspari

Kijiji cha Ujamaa Mungaa,
Singida,
Tanzania.
20 Julai 1975

Mpendwa kaka Paskali,

Shikamoo kaka. Habari za huko ugenini, na habari za masomo ya udaktari? Ile baridi uliyosema inagandisha mpaka nguo kwenye kamba, imekwisha? Sisi huku tunaendelea. Mama yetu kule Sepuka anasumbuliwa na magoti, lakini bado anafoka, kwa hiyo ujue ni mzima.

Utashangaa mwandiko huu. Ni wangu mwenyewe. Nimesoma elimu ya watu wazima, na safari hii sikumwomba katekista Petro aniandikie. Mistari inapanda na kushuka, usinicheke. Haya nisingeweza kumwambia katekista, maana tangu operesheni ya vijiji ituhamishie hapa nyumba zimepangwa mstari mmoja, ukikohoa jirani anakuuliza umekula nini. Barua nitampa Yustina mdogo wetu, Jumatano anapeleka vitunguu mjini, atapita posta.

Sasa niseme habari ya mwanangu Gaspari. Ulipoondoka alikuwa anainuka kwa kujishika mapaja, anajipandisha kwa mikono yake mwenyewe. Siku hizi hainuki bila kushikwa. Vigimbi vyake vimenenepa, wageni wanamsifu kwamba atakuwa mkimbiaji. Mimi naondoka nisije nikawatukana.

Kaka, barua yako ya mwaka jana imeleta balaa, ingawa hukukusudia. Nilikuuliza kwa nini mtoto hana nguvu ya kuinuka. Ukanieleza kwamba misuli ina kitu kinaitwa kreatini, kwamba mwili unakitengeneza wenyewe na kingine unakipata kwenye nyama na samaki, na kwamba ndicho kinachoupa msuli nguvu ya haraka, ile ya kuinuka au kuruka, kabla nguvu nyingine hazijafika. Mwishoni ukasema tumpeleke hospitali. Katekista aliisoma nje mbele ya ukoo wote, kama barua zote zinavyosomwa hapa. Wao walisikia neno moja tu, nyama.

Baba mkwe aliinuka pale pale akaenda zizini. Huyu ni mzee ambaye kwenye harusi yetu alitoa mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa kilema. Alianza kumchinja fahali mwekundu, akafuata mtamba, wakafuata wengine. Maini kwao ni fungu la mzee mwenyewe, mwanamke hayagusi wala mtoto. Yeye anampa Gaspari, anaketi mbele yake mpaka ameze. Nimeishi na mzee huyu miaka yote nikimwona bahili, kumbe alikuwa hajapata cha kumfungua mkono. Nampenda sasa, na hilo linanibana zaidi.

Hospitali ya misheni tulikwenda mwezi wa tano. Walichukua mkojo wa mtoto wakaupeleka mbali kupimwa. Siku ya majibu baba yake Gaspari alikuwa nje anaziba pancha ya baiskeli, daktari akaniambia mimi peke yangu. Alisema kreatini haikupungua kwenye chakula. Misuli yenyewe inabomoka, haiwezi kuishika, inatoka na mkojo. Ukimwaga mtama kwenye kihenge kilichotoboka utaumwaga mpaka uishe. Nyama haitamdhuru mtoto, lakini haitamwinua, na dawa hakuna. Halafu akaniuliza kama kwetu kuna mvulana aliyewahi kuwa hivi. Nikamtaja marehemu kaka yetu Damiano. Wewe ndiye ulikuwa unambeba Damiano mgongoni kwenda kanisani, sina haja ya kukueleza alivyokwisha. Daktari akasema ugonjwa huu unapita kwa mama na kuwashika watoto wa kiume.

Nilipotoka mume wangu aliniuliza, nikamjibu kwamba daktari amesema tusubiri. Tangu siku hiyo nimenasa. Nikisema nyama haisaidii, wataniuliza kinachosaidia ni nini. Nikisema hakuna, wataniuliza ugonjwa umetoka wapi. Wakijua umetoka kwetu, nitarudishwa Sepuka, na Gaspari atabaki, maana mtoto ni wa ukoo wao. Nani atamgeuza usiku? Na hata ningetaka kusema, mimi ni mkwe. Simtazami mzee usoni wala sikai alipokaa, neno langu linapita kwa mama mkwe, na likipita kwake linafika limebadilika.

Nikinyamaza nako, zizi linaisha. Wamebaki maksai wawili wa plau na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mzee amekwisha sema maksai mmoja atachinjwa kabla ya mvua. Tutalima na nini? Njaa ya mwaka jana bado tunaikumbuka sote.

Kila asubuhi mzee anakuja mlangoni kumwuliza mjukuu wake kama nguvu zimekuja. Gaspari anashika nguzo ya nyumba, anasema zimekuja babu, kidogo. Mzee anaondoka anapiga mluzi. Juzi nilikuwa namwogesha, akaniambia, "Mama, mwambie babu asichinje tena. Nimechoka kumdanganya."

Nilimaliza kumwogesha, nikaenda kutafuta karatasi na kalamu.

Kwa hiyo nakuomba kaka, mwandikie baba mkwe mwenyewe, kwa jina lake. Mshukuru sana. Mwambie kreatini mtoto ameshapata ya kutosha, maksai wabaki. Mwambie mtoto abebwe nje akakae na wenzake, maana kwa sasa wenzake wanamjia siku ya nyama tu. Habari ya Damiano usiiandike, na habari ya ugonjwa kupita kwa mama usiiguse kabisa, katekista akisoma haruki hata nukta. Wewe wanakuamini kwa sababu umeona vitabu. Mimi nimemwona mtoto tu.

Mama anakusalimu, anauliza unakula nini huko. Yustina anakusalimu na anataka kitambaa cha kichwa. Shangazi Dorkas naye anasema usije ukaoa huko. Gaspari anasema shikamoo mjomba. Mungu akutunze akurudishe kwetu ukiwa na afya na akili zako zote.

Kaka, sijamaliza. Nina mimba, imeanza kuonekana. Mama mkwe amefurahi mno. Kila jioni anatukusanya kusali, anaomba nizae mtoto wa kiume, na mimi naitikia amina.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Luciana