Unga Aliopewa Ng'ombe

Salaam aleikum mjukuu wangu Halima,

Huku Isiolo tuko wazima, alhamdulillahi. Mjomba wako alifika jana kutoka Merti na kibuyu cha samli. Mvua bado.

Umeuliza kama nimeona vigumu kuacha ugali na chai tamu tangu nipatikane na ugonjwa wa sukari. Mwili umeshazoea nyama na samli. Moyo ndio bado.

Nilipokuwa msichana huko Merti, hatukujua chakula kingine ila maziwa, nyama na samli. Halafu ukame ukamaliza ng'ombe, akabaki mmoja. Lori lilipoleta unga wa msaada, mama akaukoroga wetu kwa maji, akampa yule ng'ombe. Kwake unga ulikuwa wa mnyama, na mtoto alikuwa wa kunywa maziwa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ng'ombe alikufa siku ya tatu. Mama akafundishwa na jirani kusonga ugali, na tangu hapo hakutuangalia usoni tukila.

Mimi pia nilimwonea haya, Halima. Nilimwonea haya miaka mingi, hata baada ya kumzika.

Siku ile daktari aliposema niache unga, nirudie nyama na samli, nilitaka kumwomba arudie polepole, mama asikie.

Ukila huko, mkumbuke kwa dua.

Ni mimi akoo yako, mama wa mama yako.