Viazi vya Lurujo Vilale Kwanza

Arua, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Baba na wote wa nyumbani Lurujo. Natumaini goti la Baba limepoa na kwamba mvua imewaachia njia ya kwenda shamba. Mimi ni mzima wa mwili, ila barua hii ina jambo zito. Usishtuke, soma mpaka mwisho.

Bila shaka umesikia kwamba viazi vitamu vya kikundi chenu vilioza hapa stoo kabla ya kupelekwa shule za Omugo. Mkuu wetu wa stoo, Bwana Adrabo, anadai nyinyi akina mama mlileta viazi vilivyooza tayari. Jumanne kamati inayosimamia stoo inakaa ili iwafute katika orodha ya wakulima wake.

Aliniagiza niandike ripoti ya kusema hivyo. Nikamwambia kwa adabu kwamba viazi vilifika vizima, niliviona. Alicheka mbele ya wapakiaji, akauliza kama niliajiriwa kuwa karani au daktari wa viazi. "Wewe iko na kalamu tu," akasema. "Kalamu hapana kuwa na mdomo." Tangu siku hiyo wapakiaji huniita Dakta Kiazi, hata wakiomba chumvi.

Aliyekataa kucheka ni Concy, mama wa Sudan Kusini anayechambua viazi hapa. Tulichukua viazi kumi vyenye majeraha ya jembe. Vitano tukaviosha kwa brashi, kama stoo inavyofanya, tukavitia guniani. Vitano tukavilaza bila kuviosha karibu na jiko la chai, tukavifunika kwa gunia lenye unyevu. Baada ya wiki vya brashi vilikuwa vinalainika na kutoa maji. Majeraha ya vile vingine yalikuwa yamefunga ngozi ngumu, ukiisugua kwa kidole gumba haitoki. Concy akanitazama akasema sisi tunaosha kidonda kwa brashi, halafu tunashangaa mgonjwa akifa.

Jambo hilo, Mama, nililisoma sekondari Koboko, nikapata alama nzuri, nikalisahau. Kiazi kikikatwa, seli zilizo karibu na jeraha huweka katika kuta zake kitu chenye mafuta na nta, kiitwacho suberini. Maji ya kiazi hayatoki, na uozo hauingii. Lakini kazi hiyo inataka joto, unyevunyevu, na siku tano au zaidi. Ni zile siku mlizokuwa mkivilaza pembeni mwa jiko, chini ya nyasi, mkisema vinapumzika.

Sasa nifike kwenye lile gumu. Tangazo lililowakataza kuvilaza, lile la kwamba viazi viletwe siku ileile vinapochimbwa na stoo itaviosha, nililiandika mimi. Mnunuzi wa shule aliomba viazi safi, basi. Hayo mengine niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu niliona aibu watu wa ofisi wakute majivu na nyasi za jikoni kwetu. Adrabo alitia sahihi bila kusoma. Nilipomweleza, alisema ninyamaze, au tutafukuzwa sote wawili.

Sikunyamaza. Ijumaa niliiandikia kamati haya yote, jina langu likitangulia na la Adrabo likifuata. Kila barua inayoingia hapa hugongwa muhuri na kupewa namba katika rejista, na mgonga muhuri ni mimi. Nikaigonga yangu. Ni namba 214. Akitaka ipotee itabidi achane ukurasa, na kila mjumbe ameshapata nakala. Ameniambia nitarudi Lurujo kushika jembe. Nikamjibu, kwa sauti ndogo lakini nikamjibu, kwamba huko wako watu wanaojua kazi.

Nisamehe, Mama, na uwaambie wenzako wanisamehe. Mtu akija na karatasi ya kukiri kwamba mlileta viazi vibovu, msitie sahihi. Mkichimba, vilazeni kama zamani, hata tangazo langu likisema nini. Jumanne nitaingia kikaoni. Nikishindwa kusimama nitasema nimeketi, lakini nitasema.

Mpe Baba salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao,
Zam