Ukoga Si Urembo

Jumanne. Mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka mlangoni pa cyber hii ya mtaa wa Jabe ninamoandikia haya, jua limetoka kali, fizi zinaniwasha kama nimetafuna pilipili, na mimi furaha hainitoshi kifuani.

Nimeshinda!

Naomba nijisifu kidogo, maana mjini kwetu siku hizi watu hawana mengi ya kujisifia. Jana tu milio ya bunduki ilisikika tena kutoka milimani, tukawalaza watoto sakafuni darasani mpaka ikanyamaza. Leo kimya. Basi leo acha niandike habari za meno.

Nianze na aibu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa miezi mingi nimekuwa nikizungumza huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Kila nikipiga mswaki nilitema damu, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameanza kucheza. Nikajidanganya kuwa ni joto, ni uchovu, ni wasiwasi wa vita. Mtu aliyelelewa na bibi wa mtaa wa Buyenzi, anayesugua meno kwa mswaki wa mti kabla ya kila swala, ataumwaje meno? Kilikuwa kiburi tu.

Walionizindua ni watoto. Siku moja nilimwita Zuhura asimame asome silabi ubaoni. Akasimama, akaziba mdomo kwa kiganja, akasoma. Nikamwita mwingine, naye vilevile. Nusu ya darasa walidhani ndivyo watu wanavyosoma.

Siku ile nililia chooni.

Nikaenda kwa daktari wa meno, Mkongomani wa Uvira aliyekimbilia huku na hazunguki na maneno. "Meno iko mazima, madamu," akaniambia, "ila iko na mawe chini ya fizi. Tukitoa iyo mawe, meno itabaki. Tukiacha, iyo mbili ya mbele itaanguka." Akaandika karatasi kwa mwandiko wa kisisimizi, akanituma mutuelle, yaani bima yetu sisi wafanyakazi wa serikali, wakaigonge mhuri kabla hajanigusa. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa kwa ajili ya bima hiyo, na sijawahi kuiomba kitu zaidi ya dawa za malaria.

Dirishani alikuwapo kijana mtanashati, tai imenyooka. Akaigeuza karatasi huku na huku, mwandiko ukamshinda.

"Wanaenda kukufanya nini, mama?"

"Kusafisha meno," nikajibu.

Akacheka. "Iyo ni urembo, mama. Mutuelle ailipi urembo." Akagonga mhuri mwekundu wa kukataa. Nyuma yangu kwenye foleni mwanamke mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Watu wanakufa, yeye anatafuta meno meupe."

Maneno yale yaliniuma kuliko mhuri, kwa sababu nilikubaliana naye. Njia nzima kurudi nyumbani nilijisuta. Jirani zangu wamezika watoto, nami nimepanga foleni kwa ajili ya meno! Nikakaa na mawazo hayo wiki mbili, kiganja mdomoni.

Juzijuzi nikauma mkate laini kabisa, jino moja likaegemea mbele. Basi, nikakata tamaa. Nikarudi kwa daktari kumwomba ayang'oe yote mawili tuyamalize, maana kung'oa najua kunalipwa.

Akaweka vyombo vyake chini. "Uyo kijana ulimwambia nini?"

"Kusafisha meno."

Akashika kichwa. "Aa, madamu! Kusafisha ni ya mutu anaenda kwa arusi. Yako ni détartrage, kutoa mawe. Iyo ni dawa, apana urembo. Iko kwa liste yao, ata kwa ukuta wameibandika!"

Kumbe ulimi wangu mwenyewe ndio ulioniponza. Sisi sufuria tunasafisha, viatu tunasafisha, meno tunasafisha. Bibi yangu alikuwa na neno lake, ukoga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye meno, na mimi msomi nilikuwa nimelisahau. Ningesema nakwenda kutolewa ukoga, huenda kijana angeniuliza mara ya pili.

Leo asubuhi nimerudi. Kabla ya kupanga foleni nikaenda ukutani. Karatasi zimegeuka manjano nyuma ya kioo, herufi ndogo, hakuna anayezisoma. Nikaweka kidole kwenye kioo, nikashuka mstari kwa mstari kama ninavyowafundisha watoto. Ukurasa wa tatu, chini ya kung'oa na kuziba, nikaliona. Détartrage, mara moja kwa mwaka.

Nikaenda kupanga foleni.

Zamu yangu ilipofika, kijana akanitambua. "Mama, si nilikuambia iyo ni urembo?"

"Uliniambia. Sasa njoo unisomee ukuta."

Akajifanya ana kazi nyingi. Foleni ikamgeukia. "Enda umusomee!" mzee mmoja akapaza sauti. "Na siye tunataka kusikia!" Kijana akatoka na tai yake, nikamwekea kidole chini ya neno, na bila kukusudia nikatoa sauti yangu ya darasani.

"Silabi kwa silabi."

Akasoma. Dé. Tar. Na foleni nzima, Mungu ni shahidi, ikaitikia kwa pamoja kama watoto wangu. Trage! Watu wakapiga makofi. Yule mzee akachomoa mfukoni karatasi yake iliyokataliwa, neno lilelile, akaipeleka dirishani akitamba.

Kijana aligonga yangu, akagonga ya mzee, kisha akainamisha kichwa. "Unisamehe, madamu. Sikujua." Nimemsamehe hapo hapo. Nimepita mbele ya ukuta ule miaka mingi bila kuusoma, na kusoma ndiyo kazi yangu.

Nikaenda moja kwa moja kwa daktari. Umeme ulikuwa umekatika, akafanya kwa chuma cha mkono, saa nzima, akikwangua na kunisimulia habari za Uvira nisizoweza kuzijibu. Akanionyesha kwenye pamba vipande vya rangi ya kahawa, vigumu kama mchanga. Akayatikisa yale meno mawili kwa kidole. "Itashika," akasema.

Nikajitazama kwenye kioo, nikacheka mdomo wazi kuliko inavyompasa mwanamke wa umri wangu.

Nilipokuwa natoka, akafungua daftari lake la miadi na kuandika jina langu kwenye mwezi huuhuu, mwaka ujao. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniahidi jambo la mwaka ujao. Siku hizi tunaagana mpaka kesho tu, tena kwa sauti ya chini. Yeye aliandika kwa wino, akainua macho, akaniuliza kama saa tatu asubuhi itanifaa.

Nikamwambia inshallah, saa tatu inanifaa sana.